Jicho la samaki wa dhahabu likiharibika, anza na maji

Samaki wa dhahabu mwenye macho ya kuchomoza akiugua jicho, mwenye samaki hukimbilia duka la dawa. Nami nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kufuga, nilipokuwa nimepanga chumba Kitangiri, hapa Mwanza, nikapoteza samaki wawili ambao hawakuwa na ugonjwa wa kuhitaji dawa yoyote. Maji yao ndiyo yaliyokuwa yameharibika. Tangu hapo, mtu akinipigia simu na kuniambia jicho la samaki wake limekuwa hivi au vile, namuuliza mambo matatu kabla ya kumjibu. Ni jicho moja au yote mawili? Lilianza ghafla au polepole? Mara ya mwisho ulibadilisha maji lini, na uliyatoa wapi?

Majibu yake hupunguza nusu ya kazi. Jicho moja lililoharibika ghafla, mara nyingi limegonga kitu au limeng'atwa. Macho yote mawili yakiharibika kwa pamoja, shuku maji. Likianza taratibu na kuendelea kwa wiki kadhaa, kuna jambo ndani ya mwili wa samaki, au kuna kimelea, au ni umbile lake tu linalojitokeza.

Unamfuga nani hasa?

Samaki wa dhahabu, Carassius auratus kwa jina la kitaalamu, ni wa ukoo mmoja na kapi. Wachina ndio walioanza kumfuga kwa ajili ya rangi yake, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na vizazi baada ya vizazi wakawa wanachagua wazazi wenye maumbo ya ajabu, mpaka zikapatikana aina ambazo macho ndiyo pambo lenyewe. Huku kwetu utakutana na tatu. Wa kwanza ni mwenye macho ya darubini, ambaye Wajapani humwita demekin: macho yamechomoza pembeni kama vifungo vya koti, na mara nyingi yeye ni mweusi tii. Wa pili ni mtazama-mbingu, chotengan kwa Kijapani. Macho yake yamechomoza kisha mboni zikageukia juu, na mgongoni hana pezi. Wa tatu ni mwenye vifuko, suihogan, naye pia hana pezi la mgongoni. Chini ya kila jicho lake unaning'inia mfuko wa ngozi nyembamba uliojaa majimaji, unaotikisika kila akiogelea.

Wote watatu huona vibaya, kila mmoja kwa namna yake. Tangi lao ninalipanga kama ninavyopanga chumba cha bibi yangu asiyeona: hakuna chenye ncha, na hakuna kinachohamishwa ovyo.

Macho yameanza kuchomoza kwa samaki mdogo

Hapa hakuna ugonjwa. Watoto wa macho ya darubini na wa mtazama-mbingu huanguliwa wakiwa na macho ya kawaida kabisa, na macho huanza kuchomoza wakiwa na umri wa miezi kadhaa. Jicho moja linaweza kutangulia jingine. Kama samaki anakula, anaogelea vizuri, na jicho ni angavu bila damu wala utando, mwache. Nimeona kijana mmoja wa Mabatini akimtia dawa samaki wa namna hii wiki nzima kwa sababu aliambiwa "jicho limevimba". Samaki alikuwa anakua tu.

Utando mweupe juu ya jicho

Hili ndilo tatizo ninaloulizwa kuliko yote. Jicho huonekana kama kioo kilichopumuliwa asubuhi ya baridi. Kabla ya kuamua lolote, zima taa ya chumba, chukua tochi ya simu, umulike jicho kwa pembeni, kamwe usimulike moja kwa moja. Ukungu ukiwa juu ya ngozi ya jicho, utauona umelalia nje kama maziwa yaliyomwagika. Ukiwa ndani, nyuma ya mboni, hilo ni suala jingine nitakalolieleza mbele.

Ukungu wa nje kwenye macho yote mawili, sababu ya kwanza ni amonia. Samaki huitoa kwenye matamvua yake kila saa, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Katika tangi lililokomaa, bakteria waliojishika kwenye sponji ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni pole kwa samaki. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga. Tangi lililowekwa juzi halina hao walinzi, na tangi la zamani huwapoteza siku unayoosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini. Osha sponji ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini humo humo, uikamue mara mbili tatu, uirudishe. Ikiwa nyeusi kidogo, ndivyo inavyotakiwa.

Kuna jambo la Mwanza ambalo watu wengi hawalijui. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, madini yake ni machache, na maji mengi ya bomba mjini hutoka humo humo ziwani. Maji ya mvua yaliyokingwa na bati hadi kwenye simtanki ni laini zaidi. Maji laini hayana kitu cha kushikilia pH, yaani kipimo cha utindikali wa maji, hivyo tangi lililojaa uchafu huweza kugeuka tindikali taratibu bila wewe kuona dalili. Jirani yangu mmoja alisikia kwamba dawa yake ni magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Akatia donge zima usiku. Asubuhi samaki wake wanne walikuwa na macho meupe na mapezi yamekunjwa, wamekaa chini.

Kilichotokea ni hiki. Amonia ipo kwa sura mbili majini, moja ina sumu kali na nyingine ni pole, na pH ndiyo huamua ipi itawale. Ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile yenye sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Magadi yalipandisha pH ghafla, na amonia iliyokuwa imelala tangini ikaamka. Kwa hiyo kwanza punguza amonia kwa kubadilisha maji, ndipo ufikirie pH, na hiyo pH uirekebishe polepole. Mimi hutumia maganda ya konokono, yale yanayouzwa kwa wafuga kuku, nikayachemsha, nikayakausha kabisa juani, na kuyafunga kwenye kitambaa kisafi karibu na chujio. Huyeyuka kwa kiasi maji yanachohitaji, bila haraka.

Tiba ya utando wa amonia ni ndoo. Siku ya kwanza badilisha nusu ya maji. Siku sita au saba zinazofuata badilisha robo kila siku. Usilishe siku mbili za mwanzo. Samaki wa dhahabu hatakufa njaa. Maji mapya yawe yamekaa ndoo wazi saa 24 huku pampu ya hewa ikichemka ndani yake, ili klorini itoke, na yawe na joto linalokaribiana na la tangi. Kama umepata sodiamu thiosalfeti, itumie kwa kipimo cha kwenye pakiti, maana kuna aina ya klorini iliyoungana na amonia ambayo haitoki kwa kukaa tu. Ukifanya hivyo bila kuruka siku, utando wa amonia huanza kupungua ndani ya siku chache. Usipopungua baada ya wiki nzima, ndipo ninapoanza kufikiria bakteria au jeraha.

Utando kwa samaki aliyefika juzi kwa basi

Wengi wetu hununua samaki kutoka Dar es Salaam, na kutoka huko hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000. Samaki hukaa ndani ya mfuko wa plastiki usiku kucha. Humo anapumua na kutoa kabonidayoksaidi, ambayo hushusha pH, na anatoa amonia, ambayo kwa sababu pH imeshuka inabaki ile ya upole. Mfuko ukiwa umefungwa, hayo mawili yanavumiliana. Ukiufungua na kuuacha ukielea tangini wazi kwa saa nzima, kama wengi tulivyofundishwa, kabonidayoksaidi inatoka, pH inapanda, na samaki anaungua ndani ya mfuko ule ule uliokusudiwa kumzoesha. Siku ya pili au ya tatu macho yanakuwa meupe, na muuzaji analaumiwa.

Fanya hivi: uelee mfuko ukiwa umefungwa, dakika 20, ili joto lilingane. Fungua, tia vikombe vichache vya maji ya tangi kwa dakika chache, kisha mtoe samaki kwa bakuli umwingize tangini. Maji ya mfuko yamwage chooni, yasiingie tangini. Na mgeni akae peke yake wiki 3 hadi 4 kabla ya kuunganishwa na wenzake, hata kama anaonekana mzima.

Ukungu ulio ndani ya jicho

Ukimulika na kuona weupe umekaa nyuma, ndani ya lenzi, kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho, kubadilisha maji hakutauondoa. Unaweza kuwa uzee. Lakini kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa, kuna mdudu wa kumfikiria: minyoo bapa wa jamii ya Diplostomum.

Maisha yake yanahitaji viumbe watatu, na wote watatu wapo ufukweni kwetu. Mnyoo mkubwa anaishi tumboni mwa ndege mla samaki. Mayai yake hutoka na kinyesi cha ndege na kuanguka majini, yanaanguliwa, na vijidudu vinaingia ndani ya konokono. Humo vinazaana na kutoka vikiwa vingi, vinatafuta samaki, vinapenya ngozi na kusafiri hadi kwenye lenzi ya jicho, ambako vinakaa kumsubiri ndege amle samaki aliyepofuka. Ukisimama Luchelele au Igombe ukawatazama mnandi na kulasitara waliojipanga juu ya mawe, na konokono walioshika kwenye magugu maji chini yao, umeuona mzunguko wote kwa jicho lako.

Hao minyoo walioingia kwenye lenzi hawaondoki kwa dawa ya dukani, na lenzi iliyochakaa hairudi. Hata hivyo hawaenei kutoka samaki mmoja hadi mwingine ndani ya tangi lisilo na konokono, kwa hiyo huna sababu ya kumtenga wala kumuua. Kinachotakiwa ni kufunga mlango: usichote maji ya ziwani moja kwa moja, usilete magugu wala mimea kutoka ufukweni, usiokote konokono kwa ajili ya kula ukijani wa kioo. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono haviishi muda mrefu bila kupata samaki, kwa hiyo maji yaliyokaa siku tatu kwenye chombo kisicho na konokono huwa yamepungukiwa na hatari hiyo. Na wewe mwenyewe usiingie majini kuchota. Konokono wa ziwa hili hubeba kichocho pia, na hilo tunalijua vizuri hospitalini.

Jicho moja limevimba au lina damu

Jeraha. Karibu kila mara ni jeraha, na kazi yako ni kutafuta lilikotokea kabla jicho la pili halijapata lile lile.

Anza na mawe. Mji wetu umejengwa juu ya mawe na kila mfugaji anatamani kuweka jiwe la Mwanza tangini, nami naielewa hamu hiyo. Jiwe letu ni granaiti, halibadilishi maji, lakini likivunjika lina kingo kali na uso wake ni kama msasa. Pitisha soksi ya nailoni juu ya kila kitu kilichomo tangini. Ikikwama, hicho kitoe. Mimea ya plastiki huondoka yote kwa kipimo hiki, na hata baadhi ya mirija ya chujio.

Halafu uliza kuhusu umeme. Taa ya tangi ikiwashwa gizani, samaki hushtuka na kukimbia bila kuona anakokwenda. Umeme ukikatika saa mbili usiku na kurudi saa saba, taa iliyoachwa imewashwa hulipuka mwanga ghafla na samaki hujigonga kwenye kioo. Nilikuwa nikiona majeraha asubuhi baada ya usiku wa kukatika umeme na nikachukua miezi kuunganisha hayo mawili. Siku hizi taa ya tangi huizima kwa mkono jioni mapema, na asubuhi naiwasha baada ya dirisha kufunguliwa.

Kisha wavu. Usimvue samaki hawa kwa wavu. Jicho huingia kwenye tundu, samaki anajipindua, na jicho linabaki. Tumia bakuli au mtungi wa plastiki, umwongoze taratibu aingie mwenyewe.

Mwisho, wenzake. Watoto huleta furu wadogo kutoka ziwani, wazuri kwa rangi, wakawatia pamoja na samaki wa dhahabu. Furu ni mgomvi, hulinda eneo lake, na jicho lililochomoza linaloyumba mbele yake atalidonoa. Sato mdogo ni hivyo hivyo. Hata samaki wa dhahabu wa kawaida, yule mwembamba mwepesi, asiwekwe na hawa: atawanyang'anya chakula na kuwapiga kikumbo.

Ukishaondoa chanzo, mtunze. Chumvi ya kawaida isiyo na viungo, gramu 1 kwa lita, yaani gramu 20 kwa ndoo ya lita 20, iyeyushwe pembeni kwanza ndipo imiminwe kidogo kidogo kwa siku nzima. Chumvi haipotei maji yanapokauka, hivyo ukibadilisha maji rudisha tu ile iliyotoka na maji hayo. Uvimbe ukiwa mkubwa, ongeza chumvi ya haluli (magnesiamu salfeti), kijiko kimoja cha chai kwa lita 20. Hii huvuta majimaji yaliyojaa nyuma ya jicho. Haiui bakteria. Ukiona nyuzi nyeupe kama pamba juu ya jicho, fangasi wameshaingia kwenye kidonda, na hapo methilini bluu kwenye ndoo ya pembeni hufaa, si ndani ya tangi kuu kwa sababu huua bakteria wa chujio.

Macho yote mawili yamevimba

Hili ni zito zaidi. Tazama magamba kwa juu. Yakiwa yamesimama kama koni ya msonobari na tumbo limejaa, figo zimeshindwa kutoa maji mwilini, na wachache hupona. Magamba yakiwa yamelala, bado kuna muda: maji safi kila siku, chumvi ya haluli kama nilivyosema, na umtafute mtu aliyesomea afya ya samaki akupangie kiuavijasumu cha kuchanganya kwenye chakula. Mwanza tuna bahati kuwa na chuo cha uvuvi pale Nyegezi, na waliopitia humo wametapakaa mjini. Tafadhali usipasue kapsuli za rangi mbili za binadamu ukamwaga tangini. Hujui kipimo, dawa nyingi za namna hiyo hazimfikii samaki vya kutosha kupitia majini, chujio linakufa, amonia inapanda, na umerudi kwenye tatizo la kwanza ukiwa na samaki aliye dhaifu zaidi.

Kuna hali moja inayofanana na hii lakini tiba yake ni rahisi mno. Ukimulika ukaona viputo vidogo vya hewa ndani ya jicho au kwenye mapezi, uliza kama tangi lilijazwa kwa mpira moja kwa moja kutoka bombani. Maji yaliyosukumwa kwa nguvu kwenye mabomba huja na hewa nyingi kuliko yanavyoweza kuishika yakitulia, na hewa hiyo hujitenga ndani ya mwili wa samaki. Maji yaliyokaa ndoo usiku kucha huku pampu ikiyachemsha huwa yameshaitoa ile ziada.

Kifuko kimepasuka

Moyo hushtuka, najua. Asubuhi unakuta upande mmoja mfuko umejaa na upande wa pili ngozi inaning'inia kama puto lililotoboka. Usimshike kumkagua. Hakikisha tu kwamba mfuko haujanaswa mahali, kisha zima kwa muda chochote kinachovuta maji.

Kipasuko chenyewe si cha kuua. Kinachoua ni bakteria wanaoingia kupitia kidonda, hivyo siku kumi zinazofuata maji yawe masafi kuliko siku zote, na chumvi gramu 1 kwa lita. Ngozi huziba. Mara nyingi mfuko hujaa tena kwa wiki au miezi, ingawa unaweza kubaki mdogo kuliko mwenzake au usijae kabisa. Samaki wangu wa kwanza wa aina hii alibaki na mfuko mmoja na akaishi, akawa anaogelea ameinama kidogo upande mzito hadi akazoea. Na kamwe usitoboe mfuko uliobaki kwa sindano ili "walingane". Nimeshaombwa nifanye hivyo. Nilikataa.

Chanzo, tisa katika kumi ya niliyoyaona kwangu na kwa majirani, ni mdomo wa chujio. Mfuko ni mwepesi, mkondo unauvuta, unaingia. Ninachopendekeza kwa samaki huyu ni chujio la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa, basi. Na sakafu ya tangi iwe tupu, bila kokoto wala mchanga wa ufukweni, ambao chembe zake ni za mawe yale yale makali.

Jicho limetoka kabisa

Likitoka, limetoka. Usijaribu kulirudisha. Mtenge kwenye ndoo ya maji masafi yenye chumvi kidogo, punguza mwanga, umlishe karibu na upande unaoona. Kidonda kikifunga, ataishi miaka na jicho moja, na samaki wa dhahabu aliyetunzwa huweza kufika miaka 10 au zaidi.

Anakonda ingawa chakula kipo

Angalia vizuri nani anakula. Mtazama-mbingu hakioni chakula kilicho chini yake. Hukitafuta kwa harufu, taratibu, akigusa gusa sakafu. Wenzake wakiwa wepesi, hubakiwa na maji matupu. Dawa ni kuwapa samaki wa aina moja tangi lao, na kuweka chakula kinachozama kwenye kisahani kidogo, mahali pale pale kila siku. Baada ya wiki moja au mbili atajifunza njia. Chembe ngumu ziloweke dakika kadhaa kwanza. Chakula kinachoelea humfanya ameze hewa, na miili hii mifupi ya mviringo haivumilii hewa tumboni. Ndipo unapomkuta ameelea kichwa chini.

Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu, utumbo wake ni mrefu na hupitisha kidogo kidogo. Mlishe mara mbili au tatu kwa siku, kila mara kiasi atakachomaliza ndani ya dakika mbili. Mara moja kwa wiki njegere iliyochemshwa na kumenywa, au jani la mchicha. Unga wa dagaa, ambao kwetu ni rahisi kuupata kuliko chakula cha dukani, usiutegemee peke yake. Dagaa walioanikwa ufukweni hubeba mchanga, na unga wake huyeyuka na kuoza kabla samaki asiyeona vizuri hajaukuta. Ukiutumia, uchekeche, uchanganye na njegere iliyopondwa na jelatini kidogo, ukate vipande vinavyozama.

Na funika tangi usiku. Wadudu wa ziwani wanapokuja kwa mawingu kwenye taa, wanaanguka majini kwa mamia, samaki anavimbiwa na wengine wanaoza.

Anahema juu ya maji

Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hilo linagusa kila tangi mjini. Hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam, hivyo maji hushika oksijeni pungufu, karibu miligramu 7 kwa lita yakiwa na joto la nyuzi 25, ilhali pwani yangeshika zaidi ya 8. Samaki hawa hupendelea nyuzi 18 hadi 23. Chumba chenye bati lisilo na dari huvuka hapo kirahisi kuanzia saa nane mchana. Weka tangi kwenye kona ya sakafu ya saruji, mbali na dirisha la magharibi, na feni ndogo ikipuliza uso wa maji. Lita 75 kwa samaki wa kwanza na 40 kwa kila anayeongezeka. Ukipunguza hapo, joto na amonia vitakupita mbio.

Umeme ukikatika, pampu ya betri hutosha. Huna, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Chujio la sanduku lililosimama saa nyingi usiliwashe tu likaendelea: lifungue, umwage maji yaliyolala ndani yake, kwani bakteria wamekosa hewa na yameharibika.

Mweusi anageuka rangi ya dhahabu

Hutokea, hasa kwenye maji ya joto na umri ukisogea. Hana ugonjwa. Vivyo hivyo mabaka meusi yanayozuka kwa samaki mwekundu baada ya tatizo la amonia huwa ni ngozi inayopona.

Asipopona

Siku nyingine inafika: magamba yamesimama, hali siku ya nne, amelala ubavu. Usimtupe chooni akiwa hai, wala usimpeleke ziwani "akapate nafasi". Ziwa hili lilishaona gharama ya samaki wa kuletwa, tangu sangara alipopandikizwa miaka ya 1950 na furu wa aina nyingi sana wakatoweka ifikapo miaka ya 1980. Samaki wa tangini hubeba pia vimelea ambavyo ziwa halivijui.

Mafuta ya karafuu humlaza bila maumivu. Chukua chombo chenye maji ya tangi, tia mafuta hayo kwenye chupa ndogo ya maji ya vuguvugu utikise hadi yawe meupe, matone 10 kwa kila lita ya chombo. Mimina taratibu samaki akiwa ndani. Atalala. Baada ya matamvua kusimama kabisa, msubiri nusu saa nyingine. Mzike shambani kina cha mkono mmoja ili paka wasimfukue. Maji yale yamwage kwenye udongo mkavu, mbali na mtaro unaoteremka ziwani, na tangi lioshwe, likauke juani siku tatu kabla ya kulijaza tena.